Kiapo kilipita mpiga picha yuko nje: kisa cha harusi ya mdogo wangu

Wakati mdogo wangu amemshika mume wake mkono wa kulia anasema "katika taabu na raha", mpiga picha tuliyemlipa alikuwa nje ya kanisa, uwanjani, anapiga picha gari la maharusi lilivyopambwa. Gari lina picha kumi na saba, nimezihesabu. Kiapo hakina hata moja.

Nakiandika hiki kisa kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwasababu nilikuwa ndani ya kamati na mimi ndo nilikabidhiwa kipengele cha picha na video, na kila nikikirudia kichwani naona kosa halikuanzia kwa yule kijana siku ile, lilianzia kwetu miezi minne nyuma, tumekaa kwenye viti vya plastiki nyumbani kwa baba mkubwa tunapitisha bajeti. Majina sitaji, parokia sitaji, studio sitaji. Harusi ilikuwa Dar, Jumamosi baada ya Pasaka, kile kipindi ambacho parokia zinajaa kwasababu Kwaresma nzima watu walikuwa wanasubiri, misa saa nane mchana.

Kikao cha tatu baba mkubwa, ambaye ndo alikuwa mwenyekiti, akaniuliza "mwanangu, wa picha umeshampata?" nikatoa simu nikaizungusha mezani. Ilikuwa peji ya studio moja, yani picha tamu kweli, maharusi wako ufukweni jua linazama, shela linapepea, bwana harusi amesimama kwenye ngazi za hoteli anaweka sawa tai, rangi zimetulia. Kila aliyeshika simu alisema huyu huyu. Bei milioni moja na laki nane, humo kuna picha mnato, video, albamu moja kubwa na mbili ndogo za wazazi, advansi asilimia sabini. Tukapitisha kwa dakika chache tu tukahamia kwenye vinywaji, na vinywaji ndo tulikaa navyo saa nzima na nusu. Hela nikatuma usiku uleule.

Baada ya harusi nilirudi kwenye ile peji nikaipitia upya, safari hii taratibu, nashuka picha moja baada ya nyingine. Za kanisani zilikuwa mbili tu, na zote ni mlangoni, maharusi wanatoka wanarushiwa maua. Hakuna altare, hakuna padre, hakuna mtu aliyepiga magoti. Jibu lilikuwa mkononi mwangu tangu siku ya kikao, ila nilikuwa natafuta uzuri, sikuwa natafuta misa. Ufukweni mpiga picha ndo bosi, anasema geuka kidogo, inua kidevu, rudi tena, jua likiwa kali mnasubiri lishuke. Kwenye misa hasemi kitu na hakuna kinachorudiwa, mwanga ni ule ule wa kanisa, anatakiwa ajue kinachokuja kabla hakijafika. Hizo ni kazi mbili tofauti na sisi tuliilipia ya kwanza tukitegemea kupata ya pili.

Kosa letu la pili. Kwenye mafundisho ya ndoa maharusi waliambiwa kabisa kwamba mpiga picha lazima afike sakristia, kile chumba padre anapovalia, amuone padre kabla ya misa aelekezwe mipaka. Mdogo wangu alisikia, shemeji alisikia, wote wawili walikuwa na mambo mia kichwani, mara cheti cha ubatizo kutoka kigango alichobatiziwa shemeji, mara matangazo ya Jumapili tatu, mara fundi wa shela, na hakuna aliyekumbuka kuniambia mimi. Na mimi sikuuliza. Ijumaa jioni tukaenda mazoezi kanisani, wasimamizi wapo, watoto wa maua wapo, katekista anawaonyesha waingie vipi wasimame wapi wapige magoti lini, mpaka wapambaji walikuwepo wanafunga vitambaa kwenye mabenchi. Mpiga picha hakualikwa. Haikutujia akilini kabisa kwamba na yeye anahitaji mazoezi.

La tatu ni aliyekuja. Mwenye peji siku hiyo alikuwa na harusi mbili, kwetu akatuma kijana wake, kijana mpole mwenye adabu, kamera moja, na mwenzake wa video. Nikipitia meseji zetu za WhatsApp naona nilijibiwa "timu yetu itakuwepo", na mimi nikasoma "mimi nitakuwepo". Mkataba wetu wote ulikuwa hizo meseji na risiti ya kutuma hela.

Na la nne, kubwa, ambalo hata sisi wenyewe tulilijua wiki ya mwisho: misa ile ilikuwa ya maharusi wawili. Wanaosali parokia kubwa za Dar wanajua hii hali, kuna Jumamosi wanafunga ndoa hata jozi nne misa moja. Kwahiyo kulikuwa na timu mbili za picha, ukichanganya na za video, na wenzetu walikuwa wamejipanga, mmoja wao alishazunguka kanisa mapema anaangalia nguzo na madirisha.

Sasa siku yenyewe. Maandamano ya kuingia kijana alipiga vizuri, sina lawama. Masomo, Injili, watu wakaketi, padre akaanza homilia. Hapo ndo kijana akatoka. Baadae tulipokaa naye alieleza kwa unyenyekevu kabisa kwamba anakosali yeye mahubiri yanakwenda saa nzima na zaidi, akajua muda upo, akaona aitumie nafasi kupiga gari na maua ya mlangoni kabla watu hawajajaa nje. Homilia ya padre ilikuwa kama dakika kumi. Akafunga, akasema maharusi na wasimamizi wenu simameni.

Mimi niko benchi la pili, nageuka kushoto simuoni, nageuka kulia simuoni. Nikamnong'oneza mtoto wa shangazi akimbie nje. Waliotangulia ni wa kwetu. Padre akawauliza yale maswali, mmekuja kwa hiari yenu bila kulazimishwa, mko tayari kupendana na kuheshimiana maisha yenu yote, mko tayari kuwapokea watoto Mungu atakaowajalia, wakajibu, wakashikana mikono, shemeji akasema ya kwake, mdogo wangu akasema ya kwake na sauti ikamkwama pale kwenye "magonjwa na afya" akameza mate akaendelea. Padre akapokea makubaliano yao, akabariki pete. Mdogo wangu anamalizia kumvisha mume wake ndo nasikia viatu vinapiga sakafu katikati ya kanisa, kijana anakuja mbio, hajasimama pembeni, kapanda moja kwa moja ngazi za altare, kasimama kati ya padre na wale maharusi wengine ambao ndo wanasogea kwa zamu yao, flashi mbili za uso. Padre akanyamaza. Alafu akasema kwenye maiki, bila ukali wowote, "Kijana, shuka kwanza." Kanisa zima kimya. Yule bibi harusi mwingine alikuwa ameshainua mkono akaushusha, na sura yake ile sijaisahau, kwasababu yeye hakutukosea chochote na sisi tuliingia katikati ya siku yake.

Kuna kitu hapa watu wengi huwa hawakioni. Baada ya kushushwa, kijana alisimama nyuma ya nguzo mpaka misa inaisha, amegandia pale, hapigi. Hakujua anaruhusiwa wapi kwahiyo akajizuia kila mahali. Hasara ya kiapo ilidumu dakika saba, hasara ya ule woga ilikula saa nzima iliyobaki. Kama angekuwa ameongea na padre asubuhi angejua kuna upande mzima wa kanisa alikuwa huru kutembea.

Na saa hiyo iliyobaki ilikuwa na mengi. Ngoja niseme kwa urefu kidogo maana nimekuta hata Wakatoliki wa kuzaliwa hatujui misa ya ndoa imepangwaje mpaka tupotezwe picha. Wengi tunadhani pete zikishavaliwa harusi imekwisha kinachobaki ni misa ya kawaida. Hapana. Kuna maombi ya waamini, kuna kupeleka vipaji, na kwetu waliopeleka mkate na divai ni bibi yetu mzaa mama aliyetoka Rombo kwa basi pamoja na mama wa shemeji, bibi amevaa kitenge kipya, anatembea polepole ameshika kile chombo kwa mikono miwili kama anayeogopa kumwaga maji. Hiyo haipo. Ikaja mageuzo, padre anapogeuza mkate na divai, pale kengele inalia watu wote wamepiga magoti, hapo mpiga picha anayejua hatembei kabisa, akipiga anapiga akiwa palepale alipo. Alafu baada ya Baba Yetu, kabla ya kupeana amani, inakuja baraka ya maarusi, maharusi wanapiga magoti padre ananyoosha mikono juu yao anawaombea sala ndefu. Kwa macho yangu hiyo ndo picha nzuri kuliko zote za misa ya ndoa, wako chini wametulia, hawajui kama wanaangaliwa, shela limetandazwa sakafuni, mikono ya padre iko juu. Inadumu dakika mbili tatu. Na ndo inayokoswa sana kwasababu wapiga picha wengi muda huo wameshatoka kwenda kujipanga mlangoni. Timu ya wenzetu ilikuwepo, mmoja amepiga goti pembeni kwenye kona ya benchi la kwanza na lenzi ndefu, wala humuoni.

Kuhusu padre kumshusha kijana, kwenye familia palizuka maneno. Mjomba mmoja alisema padre alituaibisha, hela tumelipa sisi. Mimi nilikuwa na hasira siku ile ila nilipotulia nikasema hapana. Kanisa lina mwongozo kuhusu hili tangu zamani, maelekezo ya Eucharisticum Mysterium ya tarehe 25 Mei 1967, namba 23, yanasema ichukuliwe tahadhari kubwa adhimisho la liturujia, hasa misa, lisisumbuliwe na upigaji picha, na kama kuna sababu ya kupiga basi ifanyike kwa staha kubwa na kwa kufuata taratibu za askofu wa mahali. Ndo maana parokia na parokia, jimbo na jimbo, masharti hayafanani, hapa flashi hairuhusiwi kabisa, kule inaruhusiwa wakati wa kuingia na kutoka tu, pengine hakuna kupanda altare kwa namna yoyote. Papa Fransisko naye tarehe 8 Novemba 2017, kwenye katekesi ya Jumatano pale uwanja wa Mtakatifu Petro, alilia na simu zinazoinuliwa kwenye misa, akakumbusha kwamba padre anasema inueni mioyo, hasemi inueni simu mpige picha, na akasema wazi kwamba inamhuzunisha hata kwa mapadre na maaskofu wanaofanya hivyo.

Kuna jambo jingine zito zaidi lililotokea baada ya misa. Kijana kwa nia njema kabisa aliwaomba maharusi warudi pale mbele washikane mikono waseme kile kiapo tena ili apige. Mdogo wangu akamwangalia padre. Padre akasema picha ya kusimama hapa sawa, ya kushikana mikono sawa, ila yale maneno hayasemwi kwa ajili ya kamera. Mjomba akaona ni ukali mwingine. Lakini ukielewa ndoa ya Kikatoliki ni nini unaelewa kwanini alikataa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inasema kinachofanya ndoa ni makubaliano ya hao wawili na hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuweka kitu kingine badala yake. Kwa mapokeo yetu ya Kilatini maharusi wenyewe ndo wanapeana sakramenti, padre anayapokea makubaliano yao kwa jina la Kanisa, pamoja na wasimamizi ambao ndo mashahidi wawili. Kwahiyo yale maneno yakishasemwa yameshafanya kazi yake, huwezi kuyaigiza nusu saa baadae kama tangazo. Nilielewa hapo pia kwanini picha ya kiapo inauma hivi tukiikosa. Ukumbi unaweza kukosa picha ya keki ukasahau. Ile ndo dakika ndoa ilipotokea.

Walipiga ile picha ya kushikana mikono. Ipo kwenye albamu, ukurasa mzima. Mdogo wangu huwa anaipita haraka, anasema akiiangalia hakumbuki kiapo, anakumbuka sauti ya kijana inasema "dada mshike tena".

Mwanga nao. Picha za kuingia zilizotoka salama zilikuwa na tatizo ambalo tuliligundua siku ya kuletewa albamu, na albamu yenyewe ilikuja mwezi wa tano baada ya harusi wakati tuliahidiwa wiki nne. Shela linang'aa jeupe peee, kanzu ya padre nyeupe safi, nyuso za watu giza. Mdogo wangu ni maji ya kunde, mume wake ni mweusi, kwenye zile picha shemeji ana macho na meno tu. Niliwahi kuelezwa na mpiga picha mwingine, dada mmoja ambaye nitamtaja mbele, kwamba kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe inaona weupe mwingi mbele yake inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sisi wenye ngozi nyeusi ndo tunaozama. Anayejua anapima mwanga usoni kwa mtu, sio kwenye shela, na anapiga kwa faili ghafi la kamera ili hata akikosea kidogo irekebishike. Kijana alipiga kwa faili za kawaida zilizobanwa. Walipokuja kuziediti wakazipandisha mwanga kwa nguvu, nyuso zikawa za majivu, alafu kufidia wakapaka ile programu ya kulainisha ngozi, mama alipoishika albamu mara ya kwanza akaniuliza kwa upole kabisa, "huyu ni nani?" Ilikuwa binti yake.

Kanisa na kanisa lina mwanga wake. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale mjini karibu na bandari, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lina vioo vya rangi, mchana jua linaingia lina rangi zake, wakati parokia nyingi mpya za pembezoni ni madirisha makubwa wazi na taa nyeupe za LED juu. Anayetegemea flashi akinyimwa flashi hana kitu. Anayejua anakuja na lenzi inayofunguka sana kuingiza mwanga, mpaka f/2.8 au zaidi ya hapo, anapandisha ISO, yani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200 au 6400, na moja inakuwa lenzi ndefu ya kuvuta, milimita 70 mpaka 200, ili akae pembeni ya mabenchi na nyuso azipate. Hata zile kamera mpya zinazopiga kimya kimya, ambazo kila padre angezipenda, zina mtego wake, umeme wetu ni wa hertzi 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, ukipiga kwa shata ya kimya bila kupangilia picha inatoka na mistari mistari ya giza. Dada anasema yeye chini ya taa kama hizo anashusha kasi ya shata mpaka 1/100 ya sekunde na anajaribu kabla watu hawajaingia. Hiyo ndo faida ya kufika kanisani mapema, au kuja mazoezi ya Ijumaa.

Na mahali pa kusimama. Huyu dada aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza: padre wenu huwa anawageuza maharusi watazamane, au wanasema kiapo wakimwangalia yeye? Kwasababu wakitazamana, nyuso zinaonekana kwa ubavu kutoka mabenchini pande zote mbili. Wakimwangalia padre, mabenchi yote yanaona migongo, na pa kupata nyuso ni upande wa kwaya au wa mimbari tu, na hapo lazima uwe umeomba ruhusa. Kwetu walitazamana, yani kijana hata angebaki palepale kwenye benchi langu la pili angezipata nyuso zote mbili bila kukanyaga ngazi hata moja.

Kilichookoka ni vitu viwili. Cha kwanza ni picha ya simu, binamu yetu aliyekuwa benchi la nne alipiga moja wakati wa kiapo, imelala upande, kiwiko cha padre kimeingia, kichwa cha mtoto wa maua kimekata kona ya chini. Uso wa mdogo wangu umeonekana wote, akiwa kwenye lile neno lililomkwama. Hiyo ndo iko ukutani sebuleni kwao, sio ile ya ukurasa mzima. Najua nimetoka kusema habari ya Papa na simu, na bado naamini watu waweke simu chini, harusi ambayo kila benchi limeinua simu mpiga picha halisi anapiga migongo ya simu. Sitasema kwamba binamu alifanya sawa. Nasema tu kwamba hiyo picha ipo na tunaipenda, na isingehitajika kama mimi ningefanya kazi yangu.

Cha pili ni video. Mwenzake na kijana alikuwa amesimamisha kamera ya video katikati ya njia, hakutoka. Bahati mbaya padre alisimama katikati kwahiyo kwa dakika nzima ya kiapo unaona kasula tu, lile vazi la juu la padre, na ncha ya shela. Tulidhani tutachomoa picha mnato humo, mwenye studio akatuonyesha kwenye kompyuta haiwezekani, video ilirekodiwa kwa 1920 kwa 1080, hizo ni nukta kama milioni mbili, ukizichapa vizuri unapata picha ya sentimita 16 kwa 9 hivi, na ukurasa wa albamu una sentimita 30. Angerekodi kwa 4K zingekuwa milioni nane. Kuanzia pale nimejifunza kuuliza na hilo.

Mwenye studio tulimuita tukakaa nae nyumbani kwa baba mkubwa, viti vilevile. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Alikuja mwenyewe na kijana, akasikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba kumtuma mtu ambaye hajawahi kupiga misa ya Kikatoliki bila kutuambia ni kosa lake, akarudisha laki tatu na akaziediti upya nyuso zote bila ile ya kulainisha ngozi. Hakutakiwa na karatasi yoyote kufanya hivyo maana hatukuwa na karatasi. Kijana aliomba msamaha kwa mdogo wangu, na mdogo wangu alishamsamehe siku nyingi, alimkaribisha chai. Wale maharusi wengine tuliwafuata kupitia jumuiya yao, mama na baba mkubwa walienda kuomba radhi. Hilo lilikuwa la lazima na ninashukuru lilifanyika mapema.

Mwaka uliofuata Desemba dada yetu mwingine akaolewa, ndo tukampata huyu dada ninayemtaja, yeye ni mwanakwaya parokia nyingine. Nilimpigia nikaanza na bei, akanikatisha kwa heshima, "dada samahani, misa ina maharusi wangapi, na paroko ni nani?" Nikajua tumefika. Kabla ya kumlipa nilimuomba anionyeshe misa moja nzima, sio zilizochaguliwa, yani kuanzia maandamano mpaka kusaini vyeti, kwa mpangilio wa saa. Hapo mtu hawezi kujificha, unaona kama kipo kiapo, kama ipo baraka ya maarusi, kama nyuso zina rangi zake, kama kuna shimo la nusu saa ambapo hajulikani alikuwa wapi. Tukaandika karatasi fupi, jina la atakayekuja kwa mkono wake, kamera mbili zenye nafasi mbili za memori kadi, siku ya kukabidhi, watu sita ambao lazima watokee, na wa kwanza kwenye orodha ni bibi. Alipiga simu parokiani wiki mbili kabla, akaja mazoezi, akatoka na maelekezo ya padre: hakuna flashi, hakuna kupanda ngazi isipokuwa mara moja, wakati wa pete, upande wa kwaya. Bei ilikuwa juu kuliko ya mwanzo kwa laki nne na hiyo tuliitoa kwenye vinywaji, baba mkubwa mwenyewe ndo aliyependekeza.

Ile video ya mdogo wangu iliyokamata kasula, sauti yake iko safi kabisa, kwasababu mpiga video alichomeka waya kwenye miksa ya kanisa, fundi sauti wa kwaya alimsaidia. Mwaka jana siku ya kumbukumbu ya ndoa yao nilikuwa kwao jioni. Shemeji aliweka video kwenye tivii, ilipofika kile kipande akachukua kitambaa cha meza akafunika skrini, wakakaa kwenye kochi wanasikiliza. Swali, jibu. Swali, jibu. Sauti ya shemeji, alafu ya kwake, "katika magonjwa", kimya kidogo, anameza mate, "na afya".